"Ni pale tu, masaa matatu": kiongozi wetu wa mlima nusura atuue

Wakuu, naandika nikiwa nimelala kifudifudi maana kukaa siwezi. Mapaja yamekaza kama mbao, ngazi nashuka kinyumenyume. Jana tulipanda mlima, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na hasira niliyoshuka nayo haijapungua hata chembe.

Tangazo lilisema kilomita 14 kwenda na kurudi, masaa matatu, hata anayeanza anaweza. Kilomita 14 sawa, simu yangu imehesabu. Walichoficha ni kwamba ndani yake kuna mita 1,400 za kupanda! Anayejiita kiongozi si anapaswa kuijua hesabu ya Naismith, yule Mskoti mpanda milima, ya kukadiria muda wa safari? Ipo tangu 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa nyingine kwa kila mita 600 unazopanda. Pigeni wenyewe. Inakuja masaa matano na ushee, tena bila kupumzika, na kwa mtu mwenye miguu. Sisi tulitumia tisa.

Na tumeondoka saa tatu na nusu asubuhi, majira haya ya joto, jua limeshakaa utosini. Ukiuliza unajibiwa huko juu kuna baridi. Baridi ipo, kila mita 1,000 nyuzi kama 6 zinapungua, ila jua lenyewe ndiyo linazidi ukali, masikio yangu leo yanabanduka kama ganda la kitunguu. Maji? "Lita moja inatosha." Yangu iliisha kabla miti haijaisha.

Sasa kilichoniudhi kuliko vyote. Kiongozi yuko mbele na vijana wake wenye mapafu ya farasi. Wanafika mahali, wanakaa, wanakula karanga, wanacheka. Sisi wa nyuma tunakuja tunahema, dada mmoja malengelenge yameshapasuka, soksi ina damu. Tukitia mguu tu pale: "Haya, wote tumefika, twendeni!" Yaani aliyechoka kidogo amepumzika dakika kumi, aliyechoka kabisa hakupumzika hata moja. Hivyo hivyo siku nzima! Nikamwambia mkuu, mwenye mwendo mdogo akae mbele, au weka mtu wako nyuma. Akanigongagonga begani. "Ni pale tu."

"Pale tu" tulifika mara tatu. Kila ukidhani ndiyo kilele, unakuta kingine kimejificha nyuma yake.

Saa sita mawingu yalikuwa meupe, yametawanyika kama pamba. Saa saba yameanza kupanda juu kama minara, chini meusi. Mlima wakati wa joto ndivyo ulivyo: miteremko inapata moto, hewa inapanda, mchana radi. Ndiyo maana watu wanaondoka alfajiri na wanajiwekea saa ya kugeuka, iwe wamefika au hawajafika. Nilimuuliza saa yetu ya kugeuka ni ngapi. Akaniangalia kama nimemtukana.

Tulifika juu saa nane na nusu. Kushuka, tukiwa kwenye mgongo wa mlima, mwamba mtupu, ukapiga mwanga. Nikahesabu: sekunde nane ndipo ngurumo ikaja. Sauti inatumia kama sekunde tatu kwa kila kilomita, kwa hiyo gawanya kwa tatu: radi haifiki kilomita tatu kutoka tulipo. Tukakimbia juu ya changarawe, magoti yanalia, vidole vinagonga ncha ya kiatu kila hatua. Tulipofika chini ya mwamba kiongozi anaita watu wajikinge mvua wapi? Chini ya mti! Mti mmoja, mrefu, peke yake. Mimi na yule dada tulikataa, tukashuka zaidi mpaka penye miti mifupi iliyosongamana, tukachuchumaa tumeachana hatua kadhaa, tunatetemeka. Jioni akatuambia mbele ya kundi zima kwamba "hatufuati maelekezo".

Pesa zangu sizidai. Nataka tangazo lile libadilishwe, waandike mita za kupanda na saa ya kugeuka. Nimemwandikia tangu asubuhi, amesoma, kimya.

Picha za kileleni ameshaziweka kwenye grupu. Mimi na dada hatumo. Tulipofika juu wao ndiyo walikuwa wanafunga mabegi.