Naomba ushauri: nitazame nini baada ya Succession?

Wakuu, naombeni msaada wenu. Nimemaliza Succession, ile tamthilia ya familia tajiri inayogombania kampuni ya baba, misimu yote 4, na sasa kila tamthilia naiona imepwaya. Natafuta kile kicheko kinachokukaba kooni: mambo yanatisha, halafu mtu anatamka neno moja unacheka bila kutaka.

Filamu ya Kikorea ya Parasite ya Bong Joon Ho (2019) ilinipata hapo hapo. Ile sehemu baba na wanawe wamejibana chini ya meza usiku, matajiri wamejilaza kwenye kochi pembeni yao wanajadili harufu ya dereva, na dereva mwenyewe ndiye huyo baba anayesikia kila neno! Uso wake pale bado ninao kichwani. Filamu ya The Banshees of Inisherin nayo naipenda mno, maana balaa lote linaanzia kwa mtu kumkataa rafiki yake tu.

Filamu ya Fargo ya 1996 nimeshaiona, ya televisheni bado. Nianze msimu upi? Na tamthilia ya Severance inafaa, au ni fumbo tupu lisilo na kicheko?

Natazama na mke wangu, damu nyingi hapendi, kwa hiyo mnitahadharishe. Tafadhali msinisimulie mwisho.