Mtoto alipewa dawa ya kichocho shuleni mwaka jana, kimerudi. Ninunue unga wa kuongeza kinga?

BabaWawili
Wakuu, heshima kwenu. Nipo Igombe, Ilemela, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria. Kijana wangu wa darasa la nne amekuwa akilalamika tumbo, na juzi nikaona damu kwenye choo. Kupima, mayai ya kichocho. Sasa mwaka jana shuleni walipangwa foleni, wakapimwa urefu kwenye ule mti wenye alama, akapewa vidonge vyake na kumeza mbele ya mwalimu. Nikajua yameisha.

Kuna mama huku mtaani kamwambia mke wangu kwamba kinga ya mtoto iko chini, anauza unga wa kuiongeza, kopo Sh 45,000. Nataka kukataa ila hoja moja inanisumbua. Mtoto huyu huyu aliugua tetekuwanga zamani. Mdogo wake alipougua wakalala kitanda kimoja na yeye hakupata hata kipele. Inakuwaje mwili unaikumbuka tetekuwanga, halafu kichocho kinamrudia? Dawa za zahanati ninazo tayari, nauliza kuhusu huo unga.

Kirumba Boy
45,000! Hizo si sado kadhaa za dagaa hizo mkuu? Kula dagaa.

Darubini
Mleta mada, mimi ni mtu wa maabara, hivyo vumilia maelezo marefu.

Tetekuwanga inaletwa na kirusi. Mwili ukishapigana nacho, baadhi ya chembechembe nyeupe zinabaki na kumbukumbu yake. Kikiingia tena, kingamwili zinatengenezwa haraka na mtu hata hajui kama alivamiwa. Kichocho ni habari nyingine. Ni mnyoo, una urefu wa kama sentimita 1, unakaa ndani ya mshipa wa damu, dume kamkumbatia jike muda wote. Chembe nyeupe moja haiwezi kummeza mdudu wa ukubwa huo. Halafu anajipaka vitu vya damu ya mwenye mwili juu ya ngozi yake, kingamwili zikipita zinamwona kama mwenyeji. Anaishi hivyo miaka kadhaa, wengine zaidi ya 10. Kwa hiyo kinga ya mtoto wako haijalala. Inadanganywa.

Sasa sehemu ambayo muuza unga hakuwaambia. Kinachomuumiza mtoto kwa sehemu kubwa ni mayai, na jinsi kinga yenyewe inavyoyashughulikia. Jike wa kichocho hiki cha tumbo, ambacho ndicho kimejaa pwani ya ziwa letu, anaweza kutaga mayai mpaka 300 kwa siku. Mengine yanatoka na choo, mengine yanakwama kwenye utumbo na ini. Kinga inayaona, inatuma chembe zake kuyazingira, kila yai linazungushiwa uvimbe mdogo. Yai likifa, kovu linabaki. Makovu yakijaa kwenye ini damu inakosa njia, bandama linavimba, na mishipa ya koo la chakula inaweza kupasuka. Wale watu wa visiwani wanaofikishwa hospitali ya Bugando wanatapika damu, wengi hadithi yao ilianza na maumivu ya tumbo kama ya huyo kijana. Hapo muulize mama wa unga anataka kuongeza nini hasa.

Mzizi Mkavu
Ninyi wa maabara kila cha asili mnakipinga. Mlonge una vitamini, hilo hata hospitali wanajua.

Darubini
Mlonge ni mboga nzuri, ampikie. Mtoto mwenye utapiamlo kinga yake hulegea kweli. Ila mboga haiui mnyoo, na hilo kopo hata kilichomo hatukijui.

Karabai
Mimi nimevua dagaa tangu ujana wangu. Zamani kila nikipima ninacho, natibiwa, kinarudi. Siku hizi nikipima naambiwa safi, na maji naingia yale yale. Kwa hiyo kinga inakuja au haiji?

Darubini
@Karabai swali zuri sana. Inakuja, ila kwa kujikongoja. Kisumu, upande wa Kenya, watafiti waliwafuatilia waosha magari wanaofanya kazi wakiwa wamesimama ziwani. Kila wakiambukizwa wanatibiwa. Baada ya kutibiwa mara nyingi, baadhi yao wakaanza kuchelewa kuambukizwa upya japo kazi ni ile ile. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mnyoo akifa, siri zake za ndani zinamwagika, kinga inapata nafasi ya kuzisoma. Mtoto hajafika huko. Na wewe mkuu usijiamini sana, mayai yakiwa machache kipimo kimoja cha choo kinaweza kuyakosa.

BabaWawili
Nimeelewa. Kwa hiyo dawa ya mwaka jana ilishindwa kazi?

Darubini
Si lazima. Hiyo dawa, prazikwanteli, inamkakamaza mnyoo na kuchana ngozi yake, lile koti la kujifichia linavuka, kisha kinga inamalizia. Dawa na kinga zinafanya kazi pamoja. Lakini wanyoo wachanga wa wiki chache za mwanzo haiwaui vizuri. Na aliyepona akirudi kuoga ziwani kesho yake, anaanza upya. Mpe dozi uliyopewa, umpime tena baada ya wiki 4 hadi 6.

Nesi wa Zamu
Naongeza ya nyumbani. Ampe chakula kwanza, vile vidonge ni vichungu na vinachafua tumbo kwa mwenye njaa. Kizunguzungu na kichefuchefu siku hiyo si ajabu. Huyo mdogo wake ana umri gani? Ugawaji wa shuleni unawaruka wasioanza shule, na ndio hao wanaoogeshwa ufukweni kwenye beseni.

Vimelea vya kichocho vinatoka kwa konokono wa majini jua likiwa juu, zaidi mchana, na vinapenya ngozi nzima isiyo na hata mchubuko. Maji ya kuoga yachotwe, yakae kwenye pipa siku 2 bila kuguswa. Vimelea havimalizi muda huo bila kupata mtu. Konokono asiingie humo. Ya kunywa mchemshe kama kawaida.

BabaWawili
Mdogo wake ana miaka 4 na anamfuata kaka yake majini kila siku. Kesho nawapeleka wote wawili. Unga sinunui. Mama yao anasoma hapa, anauliza kama pipa lifunikwe na kama anaweza kuongezea maji likipungua.

Nesi wa Zamu
Alifunike dada yangu, mbu wasitagie. Kuongezea hapana, akimwaga ndoo mpya humo siku 2 zinaanza kuhesabiwa upya. Awe na mapipa mawili, moja linatumika, jingine linasubiri.