Nimepata ukocha msaidizi Kazakhstan, niende au nibaki? Naombeni ushauri

Namba Sita: Wakuu habarini. Goti limenistaafisha mpira, nina leseni ya ukocha ya CAF C (ya shirikisho la Afrika) na nafundisha vijana hapa Tanga. Kuna wakala kanipatia ukocha msaidizi timu ya daraja la kwanza Kazakhstan, wife hataki kusikia, usingizi sipati. Goncharenko wa Belarus majeraha yalimtoa uwanjani mapema, akageukia ukocha na akiwa na miaka 31 tu akaipeleka klabu ya kwao BATE makundi ya Champions Ligi 2008. Kwa hiyo inawezekana.

Mtoto wa Makorora: Nenda kaka! Mi namkubali kocha Berdyev, mzaliwa wa Ashgabat, Turkmenistan, kacheza Kairat ya hukohuko Kazakhstan enzi za Wasovieti, mechi nzima tasbihi mkononi. 2009 Rubin Kazan yake ya Urusi ikampiga Barca 2-1 palepale Camp Nou, kibanda umiza chetu mashabiki wa Barca kimya kama maji mtungini.

Mzee wa Voronezh: Nimesoma Urusi miaka hiyo. Bila Kirusi benchi lile hutoboi, hata Kazakhstan ni Kirusi, mchezaji hasubiri utafsiriwe. Halafu wale wako UEFA, shirikisho la Ulaya, tangu 2002, hiyo CAF C yako nani kasema wataipokea? Mkataba umeuona? Visa ya aina gani?

Namba Sita: Visa ya kitalii kwanza, tutabadilisha hukohuko. Hela ya wakala nimeshatuma nusu na kazini nimeshaaga, lakini jamani kila kitu kina gharama, nafasi kama hii hairudi.

Mama Shufaa: Mdogo wangu, umeshaaga ndo unaomba ushauri? Shemeji yangu alienda Oman na visa ya matembezi hivyohivyo, nauli ya kumrudisha tulichanga ukoo mzima. Msikilize mkeo.

Chogo: Mchezaji wetu Novatus Miroshi si alikuwa Shakhtar Donetsk ya Ukraine kwa mkopo? Mwambieni atuambie ugali alikuwa anapata wapi 😂

Kiungo Punda: Novatus alipelekwa na klabu yake, makaratasi yote yapo, msichanganye. Namba Sita, unaripoti lini?

Namba Sita: Mwanzoni mwa Januari, nakaa benchi moja kwa moja.

Kiungo Punda: Chai hii! Ligi ya Kazakhstan inaanza Machi inaisha Novemba, Januari kule barafu tupu. Unakaa benchi la mechi gani?

Namba Sita: Siyo chai mkuu, naapa. Ni mechi za kirafiki, kambi iko Antalya.

Mzee wa Voronezh: Hapo kweli, timu nyingi za kule hukimbilia Antalya kujiandaa. Sasa kama Januari timu iko Uturuki, wewe visa ya Kazakhstan ya nini? Na timu yenyewe inaitwaje?

Namba Sita: Jina wakala kasema nitaambiwa nikimaliza malipo. Nimempigia sasa hivi hapokei, ila meseji kaisoma, labda yuko kikaoni.

Mama Shufaa: Nusu ya pili usitume. Jumatatu asubuhi kaonane na bosi wako kabla hajaajiri mtu.