Ulinganisho: ubingwa wa moyo na kifua, Muhimbili, COSECSA, India au Marekani?

mtarajali_ngamiani
Wakuu, shikamooni mlio juu yangu. Utarajali unaisha, nia ni upasuaji wa moyo na kifua, kisha kurudi hapa hapa Tanga. Ninapima njia nne: MMed (shahada ya uzamili ya udaktari) ya upasuaji kisha ubingwa bobezi Dar, COSECSA (chuo cha wapasuaji cha mashariki, kati na kusini mwa Afrika), MCh (shahada ya ubingwa bobezi wa upasuaji) ya India, na Marekani. Nisaidieni kwa miaka, pesa, na nani hasa anashika kisu. Sifa za majengo nimeshazisikia za kutosha.

raskazone_jioni
Marahaba. Anza na miaka, ndiyo inayowachuja watu.

Nyumbani: MMed miaka mitatu au minne kutegemea chuo, kisha bobezi juu yake. Faida ni wagonjwa wenyewe. JKCI, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanza 2015 pale Muhimbili, inapokea wale wale watakaokufuata Tanga: vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na watoto waliozaliwa na matundu ya moyo.

COSECSA ni mafunzo kazini, usitegemee madarasa. Miaka miwili unafanya mtihani wa MCS (hatua ya kwanza), halafu FCS (hatua ya ubingwa) ya fani yako, si chini ya mitatu. Wengi wanakwama kwenye idhini: hospitali inaweza kuwa imeidhinishwa kwa upasuaji wa jumla, ukamaliza MCS yote pale, kumbe kwa moyo na kifua haina idhini. Unafungasha. Uliza mapema, na ruhusa ya mwajiri iwe ya maandishi, maana mshahara unategemea hiyo.

India: ukishakuwa na MMed, MCh ni miaka mitatu. Usichanganye MCh na vyeti vya "felo" vya miezi sita au mwaka. Hivyo ni nyongeza ya ujuzi, na kabla ya kulipa hata rupia moja waulize TCU (tume ya vyuo vikuu) na Baraza la Madaktari Tanganyika kama karatasi hiyo itakusajili kuwa bingwa.

dada_chumbageni
Niongeze Marekani, maana hapo vijana hudanganyana sana.

Kuna njia ya miaka sita moja kwa moja, na ya zamani: mitano ya upasuaji wa jumla, kisha miwili au mitatu ya kifua. Ile ya sita nafasi zake ni chache na kwa aliyesoma nje ni sindano kwenye mchanga. Unahitaji USMLE Step 1 (sehemu ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani; tangu Januari 2022 haina alama, ni kufaulu au kufeli), kwa hiyo uzito wote umehamia Step 2 CK, sehemu ya pili. Pia mtihani wa Kiingereza wa OET, na cheti cha ECFMG, shirika linalothibitisha madaktari waliosoma nje. Maombi huingia Septemba, majibu Machi, kazi inaanza Julai.

Mitego miwili. Kwanza, nafasi ya "preliminari" ya upasuaji ni ya mwaka mmoja tu. Ukimaliza bila kupata nyingine uko barabarani. Pili, viza ya J-1 (ya mafunzo) kwa kawaida ina ukomo wa miaka saba ya mafunzo. Mitano na miwili inaingia, mitano na mitatu inapitiliza. Pia unahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nyumbani, na ukimaliza unatakiwa urudi miaka miwili kabla ya kuomba kubaki. Kwako wewe unayetaka kurudi hilo halina neno.

pampu_na_mirija
Mwanangu, wote wamesema miaka. Mimi naangalia mashine.

Popote uendako, uliza kama wanafunzi wanajifunza pampu (mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji) au wanaitazama tu. Daktari wa mwaka wa kwanza bobezi anapaswa kujua bila kufikiri: heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) uniti 300 hadi 400 kwa kilo, usiingie kwenye mashine mpaka ACT (kipimo cha muda wa damu kuganda) ivuke sekunde 480, kadioplejia ya damu (dawa ya kusimamisha moyo) irudiwe kila dakika 15 hadi 20. Kutoka kwenye mashine: protamini (inayofuta heparini) miligramu 1 kwa kila uniti 100 za heparini, polepole. Ukiisukuma haraka presha inaanguka na ya mapafu inapanda. Na mnyonyo wa pampu (unaorudisha damu kutoka kifuani) usimame protamini ikianza, la sivyo damu inaganda ndani ya mashine na huna pa kurudi.

Usiku wa kwanza ICU ndipo mwanafunzi anapopimwa. Mirija ya kifua ilikuwa inatoa damu, ghafla ikakauka, presha inashuka, CVP (presha ya vena kuu) inapanda: usifurahi kwamba damu imekata. Mrija umeziba na moyo unabanwa. Fungua kifua pale pale kitandani ikibidi.

raskazone_jioni
Mama umenena. Ila Tanga hakuna pampu.

dada_chumbageni
Ndiyo hoja yangu. Akirudi, kitu cha kwanza kitakachomfika ni kifua: bodaboda wa barabara ya Muheza mwenye damu kifuani, na usaha wa muda mrefu baada ya TB. Bomba la Fr 28 hadi 32 (kipimo cha unene wake), nafasi ya tano ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa kati wa kwapa, juu ya ubavu kwa sababu mishipa hukaa chini yake. Ikitoka mililita 1500 kwa mkupuo, au 200 kwa saa kwa saa mbili hadi nne, mfungue. Usaha uliokaa wiki nyingi hujenga gamba juu ya pafu. Bomba pekee halitoshi, gamba linabanduliwa.

Marekani utashika sana saratani ya mapafu kwa kamera na stepla, na kila kaseti ya stepla ni pesa. Hapa utakuwa na mkasi, uzi na subira. Kwa kifua kisichohitaji pampu kama hicho naipa COSECSA alama zaidi.

mtarajali_ngamiani
Na vali? India au Dar?

pampu_na_mirija
Kwa wingi, India. Kwa uamuzi, Dar. Msichana wa Lushoto mwenye miaka 19 na vali ya maitro (ya upande wa kushoto wa moyo) iliyoharibika: ukimwekea ya chuma anahitaji wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) maisha yake yote na INR (kipimo cha kuganda kwa damu) ya 2.5 hadi 3.5, kupimwa mara kwa mara, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ya tishu kwa umri wake inachakaa mapema. Kwa hiyo kurekebisha vali kunatangulia pale inapowezekana, na ujuzi huo wa kurekebisha hujifunzi kwa kutazama.

Usiulize hospitali inafanya vali ngapi kwa mwaka. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alifanya ngapi yeye mwenyewe kama mpasuaji mkuu, na umwombe akuonyeshe kitabu chake cha kumbukumbu. Wakikupa jumla ya hospitali, igawe kwa wanafunzi wote, pamoja na wale wa felo.