Filamu niliyoichangia ipo Kariakoo kwenye flashi, diski yangu haijafika. Nikiitazama ni mwizi?

Kobe wa Sinza
Wakuu, habari za jioni. Kuna filamu ya anime, zile za kuchorwa za Kijapani, niliichangia mtandaoni, dola 60, kwa ahadi kwamba ikikamilika natumiwa diski mpaka kwenye sanduku langu la posta. Jina nalihifadhi wasije wakasema nawachafua. Filamu imekamilika, Japani wanaitazama kwenye kumbi za sinema, mimi nakula barua pepe za "tunaomba uvumilivu". Juzi napita Kariakoo, dogo wa kujaza flashi ananiambia, "Hiyo ninayo kaka, buku tu." Swali: hela yangu imo kwenye ile filamu. Nikijaza, nimemwibia nani? Naomba kuwasilisha.

Jicho Pembeni
Nimewahi siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

Chaurembo wa Tandika
Dola 60 kwa katuni! Na mchango wa harusi ya binamu yako bila shaka hujamaliza.

Kobe wa Sinza
Chaurembo, harusi imeingiaje hapa? Na nilimaliza, tena kadi ya dabo.

Dada wa Upanga
Mleta mada, tuanze na neno "hela yangu". Kuchangia si kununua. Kickstarter wenyewe, ule mtandao wa kuchangisha miradi, wanasema wao si duka. Umewawezesha watu wafanye kazi, diski ni shukrani. Halafu kuchelewa kuna sababu. Ile anime ya mwongozaji Katabuchi kuhusu msichana wa Hiroshima aliyeolewa mji wa Kure wakati wa vita ilitoka Novemba 2016 ikiwa kwenye kumbi 63 tu. Watu wakaambizana, kumbi zikazidi 300. Ukumbi ukiwa bado unajaa, nani atawahi kutoa diski ajikate miguu mwenyewe?

Otaku Temeke
Mimi nimekwama kwenye neno KATUNI. Chaurembo, hiyo filamu anayoitaja dada, mama yangu mwenye miaka 61 aliitazama nami, ikifika mabomu akatoka nje kukaa barazani. Katuni gani inamtoa mtu mzima sebuleni?

Chaurembo wa Tandika
Povu la nini bwana mdogo? Imechorwa, inatembea, ni katuni. Hata kanga imechorwa, mbona haiitwi sanaa ya Louvre?

Otaku Temeke
Kanga usiiguse. Kanga ina jina, mji na ujumbe, wewe una ubishi tu.

Fundi wa Keko
Nyote hamjamwambia jambo la maana. Hata hiyo diski ikifika, ataichezesha wapi? Diski zimegawiwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia, na deki ya kanda moja hukataa diski ya nyingine. DVD ya Japani ni kanda ya 2, sisi tuko kanda ya 5. Ikiwa Blu-ray ndiyo balaa, wao A sisi B. Hapa kijiweni wananiletea deki eti "imeharibika", kumbe nzima, imekataa tu diski ya ugenini. Kobe, uliwauliza ni ya kanda gani, au uliona kava tu ukatoa hela?

Kobe wa Sinza
Niliona kava.

Mweka Hazina Mstaafu
Vijana, mimi sina ujuzi wa hizo anime, lakini nimeshika daftari la kamati za harusi tisa. Huyo wa dola 60 ameahidi, AMETOA, halafu ukumbi wanaingia wengine yeye yuko getini. Hiyo kwetu ni kesi. Mwaka jana kuna harusi moja Kigamboni tulichanga, kadi hazikuja, tukaambiwa ukumbi mdogo. Mpaka leo sijarudishiwa.

Dada wa Upanga
Mzee wangu, shikamoo. Hapo kuna tofauti. Kule Kickstarter lengo lisipofikiwa, hakuna anayekatwa hata senti. Harusi isipofikisha bajeti, hela imekwenda na bwana harusi anaoa hivyohivyo.

Mweka Hazina Mstaafu
Marahaba. Kumbe Wazungu wana kamati nzuri kuliko zetu.

Otaku Temeke
Wajapani, mzee. Japo Kickstarter ni ya Marekani. Na ya Katabuchi haikupitia huko, ilikuwa Makuake, mtandao kama huo wa Kijapani, yen milioni 30 na kitu.

Dada wa Upanga
39. Watu 3,374, mwaka 2015. Na haikuwa ya filamu nzima, walitaka kipande cha mfano cha kuwaonyesha wenye mitaji. Wachangiaji wakaandikwa majina mwishoni.

Chaurembo wa Tandika
Kusomwa jina! Hilo hata mshehereshaji wa Mbagala anakufanyia kwa elfu ishirini, na pilau juu.

Mama Watatu
Elfu ishirini ya wapi? Sasa hivi kadi ya mtu mmoja laki, na ukifika unapewa soda mbili kwa kuponi. Mimi nimejitoa kwenye magrupu yote ya sendofu. Wanachangisha mpaka kwa usiomjua.

Mweka Hazina Mstaafu
Mama, usiwalaumu kamati. Wanaoahidi laki mbili na kutoa elfu thelathini siku ya mwisho ndio wanaotuua.

Mama Watatu
Nimesema kamati? Au una lako?

Fundi wa Keko
Uzi wa anime umegeuka kikao cha bajeti.

Dada wa Upanga
Na swali halijajibiwa. Kobe, hiyo ya dogo imetoka wapi kama diski haijatoka? Imerekodiwa ukumbini. Japani wana sheria ya hilo tangu 2007, ni jela. Aliyeibiwa ni yule aliyechora usiku kucha, ambaye wewe ulimtolea dola 60. Unamchangia mkono wa kulia, unamchomolea mfukoni kwa wa kushoto.

Chaurembo wa Tandika
Mchoraji wa Tokyo hatakufa kwa buku la Kariakoo.

Otaku Temeke
Mleta mada amepotea. Kobe, ulijaza au hukujaza?

Kobe wa Sinza
Nilijaza. Dakika kumi nikazima, kuna mtu anakohoa kwa Kijapani na kichwa kimeziba maandishi yote. Nasubiri diski, na deki nitampelekea Fundi. Mzee Mweka Hazina, hebu njoo inboksi. Hiyo harusi ya Kigamboni ni ya nani? Kuna kamati ya Kigamboni imenitumia namba ya mchango leo asubuhi.