Maikrowevu inapata moto sana halafu inajizima, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana hii kitu inaninyima raha. Maikrowevu yangu nikipasha chakula dakika mbili tatu iko poa tu, ila nikiipeleka mpaka dakika 6 au 7 bodi kwa juu inakuwa ya moto huwezi kuweka kiganja, halafu inakata yenyewe, nasubiri kama nusu saa ndo inawaka tena. Nahisi ni ile thamostati (swichi inayokata umeme joto likizidi) ya kulinda magnetroni, yaani kile kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula, ndo inakata, sasa joto linazidi kwa sababu gani? Matundu ya nyuma yalikuwa yameziba vumbi na mafuta, nimeyafuta, nikaisogeza mbali na ukuta, afadhali kidogo tu. Feni inaanza na mlio wa kukwaruza na upepo unaotoka hata karatasi hautikisi. Je feni imechoka au magnetroni ndo inaelekea kufa? Kufungua kava mwenyewe naogopa, kapasita ya mle inaweza kubaki na umeme wa volti 2000 hivi hata ukishachomoa waya, na nina watoto ndani. Kwa sasa nimeichomoa kabisa. Aliyewahi kukutana na hili anisaidie, fundi abadilishe feni tu au nitafute maikrowevu nyingine?