Naomba ushauri: msimbo mmoja wa C kwa chipu za AVR na STM32

Wakuu, habari zenu. Nina programu ya C inayosoma vihisi viwili na kutuma data kwa UART (mawasiliano ya serial), bila mfumo endeshi wowote. Kwenye ATmega328P (chipu ya AVR), yenye RAM ya KB 2 tu, inakwenda vizuri. Kuihamishia STM32F103 nimekwama: PORTB na DDRB (rejista za pini za AVR) nimezitapakaza kila faili (ya kujitakia hayo). libopencm3, maktaba ya chipu za ARM kama STM32, nimeipenda, ila haigusi AVR.

Nafikiria kuandika tabaka langu dogo: gpio.h moja (heda ya kuendesha pini), kisha faili ya .c kwa kila chipu. Lakini kuita fanksheni ili kuwasha pini moja tu kunakula mizunguko ya prosesa. Niweke static inline kwenye heda, ili kompaila ipachike msimbo palepale bila kuita fanksheni? Na kusubiri bila kuzuia kazi nyingine, mnatumia protothreads (maktaba ndogo ya C ya kupokezanisha kazi) au switch ya kawaida ya C, yenye hali moja baada ya nyingine, inatosha?